Stima Mbili za Bandari ya Juba

Babu yangu wa Likoni alipotaja stima alikuwa na maana ya meli. Stima ya Lamu, stima ya Unguja, stima ya Bombay: meli ya moshi, inayokwenda kwa mvuke. Mimi nilipofaulu mtihani wa serikali wa ufundi, daraja la tatu, stima ilikuwa imeshakuwa umeme, na Kenya nzima ikawa haijui maana nyingine ya neno hilo. Stima imepotea, stima imerudi, bili ya stima. Ni neno lile lile la mvuke. Lilihama majini likaingia ukutani.

Mwaka 2006 nilishuka Juba na sanduku la vifaa, nikapanga chumba cha mabati nyuma ya bandari ya mto. Hapo ndipo ninapokaa mpaka leo, ukiondoa miezi ya kukimbia. Nilikuta mahali ambapo stima ya babu ilikuwa imekoma na stima yangu haijafika. Kazi yangu yote katika mji huu imekuwa katikati ya hizo mbili, na ndiyo maana nimeona niiandike, kwa sababu sijamwona mtu mwingine akiiandika, na wale tulioanza nao pale chini ya mwarobaini tunapungua.

Bandari yenyewe mgeni hawezi kuitambua kwa macho kama amezoea Kilindini. Ni ukingo wa udongo, gati fupi la zege, matishali ya chuma yenye kutu yamefungwa kamba, na watu. Samaki wanashuka kutoka Terekeka na Bor, wamekaushwa na kufungwa mikeka. Makaa yanapangwa magunia juu ya magunia. Mto unaitwa Bahr el Jebel hapa. Ni Nile Nyeupe ile ile tuliyoisoma shuleni. Ng'ambo kuna Gondokoro, ambako wafanyabiashara wa pembe na watumwa waliweka kambi karne ya kumi na tisa.

Waingereza waliujenga mji wa Juba miaka ya 1920, wakahamishia hapa makao ya jimbo yaliyokuwa Mongalla. Mto nao ulikuwa na sauti katika hilo. Ukipanda zaidi ya hapa kuelekea kusini unakutana na maporomoko ya Bedden, na mbele yake, karibu na Nimule, maporomoko ya Fula, na meli haipiti. Juba ndiyo mwisho wa safari. Stima zilitoka Kosti, zaidi ya kilomita 1,400, zikakata vinamasi vya Sudd, zikafunga kamba hapa. Wafanyabiashara wa Kigiriki na wa kutoka kaskazini walijenga maduka hatua chache kutoka gatini, na mtaa mmojawapo ungali unaitwa Hai Jalaba, mtaa wa wachuuzi. Vita viliporudi mwaka 1983 safari za abiria zilikatika. Mzee mmoja aliyewahi kuwa kuli hapa aliniambia kwamba enzi zao meli ikichelewa, taa za mji nazo zilizimwa mapema, kwa kuwa mapipa ya dizeli yalikuwa ndani ya meli hiyo hiyo. Sijapata maelezo mafupi na ya kweli kuliko hayo kuhusu umeme wa Juba.

Kuna jambo linaloniuma kila nikikaa pale gatini jioni. Tarehe 29 Aprili 1954 Malkia Elizabeth alifungua bwawa la Owen Falls pale Jinja. Kabla ya muongo ule kwisha, umeme wa Jinja ulikuwa umefika Nairobi. Maji yale yale yaliyowasha taa za Nairobi yalishuka Ziwa Kyoga, yakagusa Ziwa Albert, yakapita Nimule, yakaja kupita hapa Juba mbele ya macho ya watu wenye koroboi. Maporomoko ya Fula yamepimwa na kupimwa tena, ripoti juu ya ripoti, na maji bado yanaanguka bure. Uganda imeongeza bwawa la Karuma la megawati 600, lililozinduliwa mwaka 2024. Mto mmoja, na sisi wa chini yake tunachoma dizeli.

Nirudi mwaka 2006. Mkataba wa amani wa kumaliza vita hivyo ulikuwa umetiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005, na John Garang, kiongozi wa wapiganaji wa kusini, alikuwa ameshakufa katika ajali ya helikopta Julai mwaka huo. Barabara kutoka Nimule ilikuwa ya vumbi, na kando yake mawe yaliyopakwa rangi nyekundu yalimwonya msafiri kwamba huko kuna mabomu ya ardhini. Lami ya kilomita 192 ilikuja mwaka 2012. Lori letu lilibeba simenti, bia na magodoro, nasi mafundi juu yake: maseremala wa Kampala, mafundi bomba wa Gulu, Wakenya wawili wa umeme. Tulisikia Juba inajengwa, na ilikuwa kweli. Mahema yaligeuzwa hoteli kando ya mto na kulipisha kwa dola. Wizara mpya zilitaka ofisi. Nyumba zilizofungwa miaka ishirini zilifunguliwa.

Hapakuwa na ofisi ya kumtafuta fundi. Sisi wa umeme tulikaa chini ya mwarobaini mmoja njia ya bandarini, na juu ya tawi tulining'iniza alama zetu: kipande cha waya kilichozungushwa kama nyoka na balbu iliyoungua. Mteja alisimamisha gari, akateremsha kioo, akaita, "Ya kahrabaji!" Ukienda dirishani anakuambia maneno mawili ambayo nimeyasikia hapa kuliko mengine yote: "Kahraba mafi." Umeme hakuna. Ukiuliza hakuna wapi, nyumba nzima au chumba kimoja, tangu leo au tangu vita, hapo ndipo kazi inapoanza.

Desturi za kuajiri fundi zilijipanga zenyewe pale. Fundi anakwenda kwanza kutazama, bila malipo. Anarudi na karatasi ya vifaa, na mteja anaipeleka kwa fundi wa pili chini ya mti ule ule kuithibitisha, na hakuna aliyekasirika, kwa maana kesho itakuwa zamu yako. Vifaa vilitoka Kampala, siku nne au tano barabarani, kwa hiyo pesa ya vifaa ililipwa mbele. Lakini nani atampa mgeni asiye na anwani pesa za kwenda nazo Uganda? Mama mmoja mwenye mgahawa bandarini, mteja wangu wa tatu, alilimaliza jambo hilo kwa njia iliyokuja kuwa sheria ya mti wetu. Alinitazama, akatazama drili yangu, akasema: "Mwanangu, hiyo mashine italala kwangu mpaka waya zifike." Drili ililala kwake siku sita, chini ya kitanda, imefunikwa kanga. Toka hapo kila fundi wa mwarobaini aliacha kifaa kimoja rehani. Wa drili aliaminika kuliko wa bisibisi.

Nataka kusema kidogo juu ya kuta za mji huu, maana historia ya umeme wa Juba mimi nimeisoma humo. Nyumba ya kwanza ya zamani niliyoifungua ilikuwa Hai Jalaba, ya matofali, dari ya juu, ya enzi za Wagiriki. Niliondoa kifuniko cha swichi cha bakelaiti nyeusi na kukuta skrubu za shaba ambazo bisibisi haikuwa imezigusa miaka mingi. Ndani kulikuwa na waya wa raba uliovikwa kitambaa, umepita katika mfereji wa mbao, mwekundu na mweusi. Nilipoukunja kidogo raba ilivunjika kama biskuti, shaba ikabaki uchi inang'aa. Kwenye boksi la fyuzi vishikio vilikuwa vya kaure nyeupe, na katika kimoja fundi fulani, wakati wa dhiki, alikuwa ameweka msumari badala ya uzi wa fyuzi. Niliushika ule msumari muda mrefu. Mtu aliutia pale usiku fulani ili nyumba ipate mwanga, akijua kwamba sasa hakuna kitakachokatika moto ukizuka. Nyumba haikuungua kwa sababu moja tu: umeme wa mji ulikwisha kabla ya msumari kufanya kazi yake.

Kwa kanuni za Kiingereza nilizosomea, mwekundu ni moto, mweusi ni niutro, kijani ni ardhi. Nyumba za zamani za Juba zilifuata hivyo. Baada ya 2005 kila aliyekuja alikuja na rangi zake. Kebo mpya zilizofuata taratibu za Ulaya zilikuwa na kahawia kwa moto na buluu kwa niutro. Kisha zikaja ofisi za makontena, zimefungwa waya huko huko zilikotengenezwa. Mwaka 2007 niliitwa kurekebisha kontena moja lililowekwa si mbali na gati. Nikafungua soketi, nikaona mweusi na mweupe. Mweusi kwangu alikuwa niutro tangu siku ya kwanza ya chuo. Nikamshika. Kontena lile lilifungwa kwa taratibu za Marekani, na huko mweusi ndiye moto. Nilirushwa nikaangukia meza, kidole gumba kikabaki na alama nyeupe ninayoiona sasa hivi nikiandika. Tangu siku ile sijaamini rangi. Naamini testa, na hata testa naijaribu kwanza mahali ninapojua pana umeme.

Serikali ilipata mtambo wa dizeli wa megawati 12 katika miaka ile, na sehemu chache za mji zikaona taa za barabarani. Sisi wa bandarini tuliziona kwa mbali. Baadaye mtambo ule ulizimika kwa kukosa mafuta. Kwa hiyo Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, nchi iliyopata uhuru tarehe 9 Julai 2011, ulijifunza umeme kwenye jenereta. Naomba msomaji alishike hilo.

Hapa bandarini mwenye jenereta alikuwa ndiye kampuni. Jirani yangu mmoja alinunua mashine ya kilowati tano, na mimi nikamvutia laini kwa nyumba kumi na nne. Bei ilikuwa kwa balbu na kwa televisheni, na muda ulikuwa kuanzia magharibi hadi saa nne usiku, au saa tano kukiwa na mpira. Nyaya zilipita juu ya mapaa ya mabati, zikafungwa kwenye miti ya miembe, zikashuka kwenye madirisha. Kila aliyetaka kuongezewa balbu aliniita mimi. Mimi ndiye niliyejua laini ipi inabeba nini, na kama kuna aliyechomeka pasi kwa siri mashine ililia, nami nikapita nyumba hadi nyumba nikisikiliza. Januari 2012 visima vya mafuta vilifungwa kwa ugomvi na Khartoum, dizeli ikaadimika, na laini ya nyumba kumi na nne ikawa ya nyumba tano. Mwaka huo pia wenyeji wengi waliokuwa wamekwama Kosti wakirejea kutoka kaskazini waliletwa nyumbani. Kabla yao wengine walikuwa wameteremka na matishali hapa hapa gatini, na vitanda vyao, milango ya nyumba walizoziacha, na mafeni ya dari yaliyotoka Khartoum. Niliyafunga mafeni mengi sana ya Khartoum mwaka ule, mengine katika vibanda visivyo na dari. Tuliyafunga kwenye boriti.

Wanafunzi wangu walitoka katika watu hao. Nisiseme uongo, mwanzoni sisi wageni hatukutaka kufundisha. Tuliogopa kazi itaisha. Aliyenibadilisha ni kijana mmoja wa Kimundari aliyekulia kambi ya Kakuma, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha Turkana na cha mechi za mpira. Alikuja chini ya mti akasema, "Mzee, mimi nimesoma nadharia kule kambini, lakini sijawahi kushika nyumba ya mtu." Mwenzake alikuwa amepitia kituo cha mafunzo cha MTC hapa Juba, kile ambacho Wajapani wa JICA walikisaidia baada ya amani. Nikawachukua wote wawili. Yule wa Kakuma alikuwa na jambo moja ambalo mimi sikuwa nalo: aliweza kuzungumza na mama mwenye nyumba kwa Kibari, kwa Kiarabu cha Juba, kwa Kidinka cha kubabaisha, akaeleza kwa nini breka inakatika. Mimi nilikuwa nikitengeneza na kuondoka. Yeye aliacha watu wameelewa.

Mwaka 2014 wizara ya kazi ilitoa waraka wa kuwataka wageni waache nafasi zao za kazi, kisha ukarekebishwa. Siku zile chache mti ulikuwa mtupu. Kijana yule wa Kakuma ndiye aliyekaa pale na balbu yetu iliyoungua, akapokea kazi zangu, na jioni akaniletea mgao wangu chumbani. Hakuna aliyemwagiza.

Juu ya vita nitasema machache. Usiku wa tarehe 15 Desemba 2013 tulilala sakafuni. Desemba 2015 paundi iliachwa ielee, ikashuka kutoka tatu kwa dola hadi kumi na nane na zaidi kwa siku moja, na karatasi zote za vifaa nilizokuwa nimeandikia wateja zikawa takataka. Julai 2016 mapigano yalirudi mjini. Niliporejea kutoka Mombasa miezi mitatu baadaye, nilikuta nyumba ambazo milango ipo, vioo vipo, na nyaya hazipo. Zilikuwa zimevutwa kutoka ndani ya kuta kama mishipa, kwa ajili ya shaba. Mitaro iliyobaki kwenye plasta ilifuata njia ile ile niliyoichora mimi kwa penseli.

Stima ya mji ilikuja Novemba 2019. Kampuni ya Ezra ilikuwa imejenga mtambo wa megawati 33 kama awamu ya kwanza, Benki ya Maendeleo ya Afrika ikagharamia njia za kusambaza, na kampuni mpya ya usambazaji, JEDCO, ikaanza kufunga mita za kulipia kabla. Nguzo zilisimama hadi mitaa ambayo haikuwahi kuziona. Watu walikuja kwetu kwa furaha niliyokuwa sijaiona tangu siku ya uhuru. Kila mtu alitaka nyumba yake iunganishwe wiki hiyo hiyo.

Hapo ndipo tuliposhtuka, mimi na kijana wangu, kwa sababu tulijua nyumba hizo zikoje ndani.

Jenereta ndogo ya kubeba haijafungwa na ardhi. Umeme wake unatoka kwenye mashine na kurudi kwenye mashine, hauna deni na udongo. Ukigusa waya wake mmoja ukiwa umesimama peku, mara nyingi husikii kitu, au husikia mtekenyo tu. Watu wa Juba waliishi hivyo miaka kumi na zaidi. Friji yenye waya uliochubuka na kugusa bati iliendelea kugandisha maji, na hakuna aliyeumia. Waya wa ardhi ukawa kitu cha kupunguziwa bei. Mteja aliuliza, "Huu wa kijani kazi yake nini?" na fundi akajibu kwamba si lazima. Mimi mwenyewe nimewahi kujibu hivyo, mwaka 2008, na nyumba ile naikumbuka.

Umeme wa gridi una tabia nyingine. Kule kwenye transfoma niutro imefungwa ardhini, kwa hiyo ardhi yote unayoikanyaga ni njia ya kurudi. Ukigusa moto ukiwa peku, wewe ndiye waya. Kosa ambalo jenereta ilikusamehe kila siku kwa miaka kumi, gridi inalidai mara moja. Na mji mzima ulikuwa umejengwa juu ya msamaha ule.

Mwezi wa pili baada ya kuunganishwa niliitwa kwenye mgahawa wa yule yule mama aliyeshika drili yangu rehani. Nyumba yake ilikuwa imefungwa upya na kontrakta mmoja aliyepita mtaani akikusanya kazi kwa wingi na kuondoka. Mama alikuwa ameshika mlango wa friji kwa mkono wenye maji, akarushwa hadi kwenye jiko. Alipona, bega liliteguka. Nilipofungua soketi nikakuta waya wa kijani na njano upo, mrefu, mzuri, umekatwa na kukunjwa nyuma ya boksi. Haukwenda popote. Nilitoka nje nikazunguka nyumba kutafuta nguzo ya shaba ardhini na sikuiona. Mama alinitazama kutoka kitandani akaniuliza swali ambalo bado halijanitoka: "Fundi, mbona ile mashine yangu ya zamani haikuwahi kunifanyia hivi?"

Tulimfungia ardhi siku hiyo. Udongo wa bandarini ni mwepesi kwa kazi hii, kwa kuwa mto uko karibu na unyevu hauishi; kule upande wa Jebel ni kokoto na changarawe, na kiangazi ardhi inakuwa kavu kama chungu. Kijana alichimba shimo la magoti, akapigilia nguzo ya shaba ya mita moja na nusu. Mimi nilinunua gunia la makaa hatua thelathini kutoka hapo, tukayaponda, tukachanganya na kilo tano za chumvi ya mawe, tukajaza shimo na kumwaga ndoo nne za maji ya Nile. Kisha tukajaribu kwa njia ya mafundi wasio na mita ya bei ghali: balbu moja ya wati mia, upande mmoja kwenye moto, upande wa pili kwenye nguzo. Ikawaka nyeupe, kwa nguvu zote. Mama aliomba aione mwenyewe. Tulimtoa nje na kiti.

Tangu hapo hatuungi nyumba isiyo na ardhi, hata mteja akisema ataita fundi mwingine. Na kuna jingine tusilolikubali: waya wenye plagi mbili. Gridi ikikatika, watu huchomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani kwa waya wa namna hiyo, na umeme unatoka nyumbani kurudi kwenye nguzo, ambako kuna mtu amepanda akiamini laini imekufa. Dawa yake ni chenjiova, swichi moja kubwa inayochagua gridi au jenereta, kamwe si zote mbili. Bei yake inawauma watu, nami nawaelewa, maana umeme wenyewe ni ghali hapa. Lakini aliye juu ya nguzo ni mtoto wa mtu, na wengi wao siku hizi ni vijana wa hapa hapa. Wawili walipita chini ya mwarobaini wetu.

Mti wenyewe ulikatwa barabara ilipopanuliwa. Kazi sasa zinakuja kwa simu, na nyingi ni za sola: paneli juu ya bati, inveta na betri chini ya ngazi. Kijana wa Kimundari ana mafundi sita chini yake. Ninapoitwa kazi ya kupanda dari naye yuko, hunishikia ngazi, kisha hupanda yeye.

Karatasi za serikali za nchi hii zilikaa miaka katika hema kabla ya watu wenye moyo kuanza kuzipanga na kuzipiga picha. Ya ufundi wetu hayakuandikwa kwenye karatasi. Yamo ukutani: katika msumari badala ya fyuzi, katika mwekundu na mweusi, katika waya wa kijani uliokatwa. Chini ya kitanda changu ninayo masanduku mawili ya swichi za bakelaiti, vishikio vya kaure, vipande vya waya wa kitambaa, na msumari ule. Nyumba za zamani zinabomolewa kila mwezi, na shaba inapimwa kwa kilo sokoni kabla plasta haijakauka machozi.

Basi wewe mwenye nyumba ya zamani Hai Jalaba, Malakia, Kator au hapa hapa bandarini, ukitaka kubomoa, niite kwanza kabla ya kumwita mnunuzi wa vyuma. Nitakuja na bisibisi yangu na kufungua bila malipo. Kwa kila boksi la fyuzi utakaloniachia, nitaifungia nyumba yako mpya nguzo ya ardhi kwa gharama yangu, makaa na chumvi juu yangu. Ulizia fundi wa Mombasa, nyuma ya wauza samaki.